Mgongo wa Sironka

Siku barabara ya Noonkopir ilipofungwa, Kitengela nzima ilipandwa na hasira. Mvua ilikuwa imekula kalvati, ule mfereji wa maji chini ya barabara, lami ikabaki na shimo la kumeza lori zima, na kabla ya saa sita mchana kampuni ya kandarasi ilikuwa imezungusha mabati na kusimamisha ubao wa kuelekeza magari yote mitaa ya nyuma. Magari yakaingia huko yakakwama huko. Malori ya mchanga yalikutana uso kwa uso na basi za shule kwenye vichochoro vya udongo, hakuna aliyetaka kurudi nyuma, na honi zikalia mpaka kuku wakaacha kutaga. Waliokuwa na miguu waliwekewa mbao juu ya mtaro, njia nyembamba ya mtu mmoja na mzigo wake. Waliokuwa na baiskeli hakuna aliyewakumbuka.

Ndiyo maana Wahu alipofika pale akikanyaga pedali kwa nguvu, kilemba chake cha kitenge cha manjano kikiwa kimelegea na raba zake nyeupe zikiwa hazijulikani tena rangi, hakupunguza mwendo. Alilenga mbao.

"Wewe! Dada wa baiskeli! Simama hapo!"

Bendera nyekundu ilishuka mbele ya uso wake. Aliyeishika alikuwa kijana mrefu, mwembamba, aliyevaa koti la rangi ya chungwa linalong'aa na gambuti zilizojaa tope. Kwenye mkono wake kulikuwa na bangili ya shanga nyekundu na nyeupe.

"Hii njia ni ya miguu tu," alisema.

"Kwani hii baiskeli umeona iko na injini?"

"Iko na magurudumu."

"Basi nipitie wapi?"

"Magari yanapitia kule nyuma."

"Kule ndio nimetoka!" Wahu alifoka. "Lori imenisukuma kwa mtaro, chai ya watu imemwagika, na huku nyumbani mama ananingoja. Hebu niambie, officer, mimi ni gari ama mimi ni mtu?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Kijana akakuna shingo. Alipofunzwa kazi ile aliambiwa habari za magari na habari za watu. Baiskeli haikutajwa hata kidogo.

"Ukipanda wewe ni gari," alisema mwishowe. "Ukishuka wewe ni mtu."

Wahu akamwangalia. Akashuka polepole, akajipangusa jinzi, akasimama kando ya baiskeli yake kama bibi harusi anayesubiri kupigwa picha.

"Haya, nimekuwa mtu. Nisalimie basi."

"Takwenya," alisema kwa Kimaasai.

"Mimi ni Mkikuyu, bwana."

"Kwani Mkikuyu hasalimiwi? Unajibu 'iko'."

"Iko," alisema Wahu. Kisha, akiwa tayari anasukuma baiskeli juu ya mbao, aliongeza bila kugeuka, "Na kesho nitapita tena, kwa hivyo ujipange."

Kijana yule aliitwa Sironka, na usiku huo hakuota kalvati.

Hoteli ya mama yake Wahu ilikuwa upande wa pili wa shimo, upande wa Noonkopir. Ilikuwa nyumba ya mabati yenye meza za plastiki na githeri ya mahindi na maharagwe iliyosifika mpaka stendi. Kabla ya kufungwa kwa barabara, madereva walisimama mlangoni kwake wakala, wakaondoka. Sasa madereva walikuwa wamekwama kwingine, na wafanyakazi wa maduka ya jumla upande wa mjini hawakuwa na subira ya kupanga foleni kwenye mbao kwa sababu ya chapati. Kwa hiyo chakula kikawafuata. Kila mchana Wahu alifunga kreti nyuma ya baiskeli, akapanga hotpoti na chupa za chai, akashuka mbaoni na kuwa mtu, akavuka, akapanda tena na kuwa gari.

Baada ya siku chache ubao mdogo ulitokea kwenye mabati, umeandikwa kwa rangi nyeupe: BAISKELI SHUKA, SUKUMA.

"Umeniandikia barua?" Wahu aliuliza.

"Ni ya baiskeli zote."

"Baiskeli inapita hapa ni yangu pekee yake, Sironka."

"Basi ni yako," alisema, na akainua bendera ya kijani haraka ili asionekane anavyotabasamu.

Musila, mwenzake aliyesimamia mwisho wa pili wa mbao, alianza kulalamika kwamba upande wa Sironka bendera ya kijani hukaa juu muda mrefu kuliko kawaida saa saba mchana. Sironka naye akaanza kuvuka kwenda kula hotelini kwa mama. Alikula githeri, akaomba nyongeza, akapeleka sahani yake mwenyewe kwenye karai na kuiosha. Mama Wahu, mwanamke mnene wa sauti kubwa na goti baya, alimpenda bila kujificha.

"Huyu kijana wa bendera amelelewa," aliwaambia wateja. "Nyinyi wengine mnaacha mifupa juu ya meza ni kama fisi wamepita."

Jioni zilikuwa za simu.

"Umefika nyumba, mrembo?"

"Nimefika. Nimechoka. Nanuka vitunguu."

"Mimi nanuka lami. Tutaelewana."

"Siro, wewe unajua kubembeleza kweli? Sema kitu tamu."

"Leo ulipovuka, nilisimamisha upande wa pili watu wote wakakungoja. Kulikuwa na pasta mmoja amekasirika sana."

Wahu alicheka mpaka mama yake akagonga ukuta.

Jumapili moja Sironka alimpeleka Bisil, kwao. Wahu alivaa gauni la buluu lenye mkanda mwembamba kiunoni, na hereni ndefu alizoazima kwa rafiki. Sironka alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono ikawa na makali, na shuka nyekundu begani. Walizunguka sokoni katikati ya mbuzi na vumbi, wakala nyama kwenye kibanda, na kila mtu aliyemsalimia Sironka alimwangalia Wahu mara ya pili. Hakumpeleka nyumbani kwa baba yake. "Kuna mpangilio," alisema. "Haya mambo hayarukwi."

"Mambo gani?"

"Mambo," alisema, akamshika mkono, akamtoa tope kwenye kucha ya kidole gumba kwa uangalifu mkubwa.

"Nakupenda, Siro," Wahu alisema palepale mbele ya mbuzi.

Sironka aliangalia mbali kuelekea vilima. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Na mimi," alisema. "Sana. Mpaka naogopa." Jioni hiyo, akirudi Kitengela, aliamua jambo moja moyoni mwake na hakumwambia mtu.

Tangu Jumatatu iliyofuata, hakukanyaga tena hotelini kwa Mama Wahu.

"Ako mgonjwa?" mama aliuliza.

"Hapana. Kazi ni mingi."

"Musila anakuja. Musila hana kazi?"

Wahu alimpelekea chakula kwenye mabati, na Sironka alikila chote, akilamba vidole, akishukuru. Lakini kila alipoambiwa, "Vuka basi, mama anakuuliza," alitazama chini na kusema, "Siku ingine." Mama alianza kununa. Alionja githeri yake mara kwa mara, akaongeza chumvi, akapunguza chumvi.

"Kama chakula changu ni kizuri," alimwambia bintiye, "mbona anakikula akiwa amejificha?"

Halafu ikaja siku ya unga. Lori la unga halikuweza kufika hotelini kwa sababu ya msongamano wa mitaa ya nyuma, na Mama Wahu, ambaye tangu barabara ifungwe hakuwahi kuthubutu kupanda zile mbao kwa ajili ya goti lake, aliamua kwenda mjini mwenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Mbao zililowa, zikawa na utelezi. Alivuka kwa hatua ndogo ndogo, akishikilia hewa, watu nyuma yake wakisonya. Mwisho wa mbao alimwona Sironka amesimama na bendera yake, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha.

"Kijana yangu wa bendera! Njoo unipe mkono."

Akanyoosha mkono, akauegemea mkono ambao bado haujafika.

Sironka alimwona. Akaruka kutoka pale alipokuwa, akatumbukia mtaroni maji yakamfika magotini, akamgeuzia mgongo na kufunika uso kwa bendera nyekundu.

Mama Wahu akaanguka. Alikaa kwenye tope kwa kishindo, leso yake ikafunguka, kiatu kimoja kikaelea. Foleni nzima ikapasuka kwa kicheko kile cha watu waliochoka kungoja. Musila alikuja mbio kutoka upande wa pili akisukuma watu, akamshika makwapa na kumwinua. Kwa muda huo wote, kijana mrefu alibaki amesimama ndani ya maji, mgongo wake ukiwa umewaelekea, mabega yakitetemeka. Hakugeuka.

Wahu alipata habari kutoka kwa watu kabla hajaipata kutoka kwa mama yake, na watu waliitia pilipili. Alipofika nyumbani, mama alikuwa amekaa na goti lililovimba juu ya stuli.

"Maitu, pole. Pole sana."

"Sijaumia goti," mama alisema. "Nimeumia hapa." Akajigusa kifua. "Nilimwita mtoto wangu mbele ya watu. Wahu, sikiliza. Mtu akinigeuzia mgongo nikianguka, siku wewe utaanguka atakuangalia? Mimi sitakukataza. Wewe ni mtu mzima. Lakini ukienda kwa huyo, uende bila mimi."

Wahu alitoka nje na simu. Sironka alipokea mara moja.

"Wahu, mpenzi, nilikuwa tu nataka—"

"Usiniite mpenzi. Mama yangu amekufanyia nini?"

"Hajanifanyia kitu. Wahu, mimi namheshimu mama yako kuliko..."

"Unamheshimu? Hiyo heshima yenu ni ya mgongo? Amekuita mtoto wake, Sironka! Amekunyoshea mkono!"

"Najua. Sikia, kwetu—"

"Kwenu? Kumbe iko kwenu na kwetu? Sawa. Baki kwenu." Akakata simu, akaizima, akalia akiwa ameegemea tangi la maji.

Alimpenda. Hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa hampendi, angemtukana na kusahau. Lakini hakuwa tayari kuolewa na mwanamume ambaye nyumbani kwake mama hatakanyaga, na hakuwa tayari kumwacha mama yule aliyemlea peke yake kwa chapati na chai. Kwa hiyo aliamua kutomwona. Akaacha kupita kwenye mbao. Alipita njia ya kuzunguka, mitaa ya nyuma, katikati ya malori.

Baiskeli haina rafiki kule nyuma. Pikipiki zinakujia kutoka kila upande, lori likikaribia hakuna pa kukimbilia ila mtaro, na vumbi likipanda dereva hakuoni wewe wala kilemba chako. Watu wa miguu nao walikuwa wametembea juu ya maua na vyombo vya wenyewe mpaka kila mwenye ploti akafunga geti, njia za mkato zikaisha. Chakula kilifika kimepoa. Wateja wakalalamika. Na Musila aliyekuja kula hotelini akaleta habari nyingine: kalvati imekwisha, barabara inafunguliwa Jumamosi, na kampuni inawapeleka yeye na Sironka kazini Namanga Jumapili.

Alhamisi, lori la mawe lilimpita Wahu karibu mno. Hakugongwa, lakini upepo wa lori na woga wake mwenyewe vilimtupa kando, baiskeli ikamlalia, chai ya moto ikachuruzika kwenye udongo. Kiwiko kilichubuka. Alikaa pale akilia, si kwa sababu ya kiwiko.

"Woi! Si huyu ni wa Mama Wahu?"

Alikuwa Namunyak, mama wa makamo aliyekuwa akiwaletea maziwa kutoka Kisaju. Gari lililombeba lilikuwa limekwama kwenye msongamano, naye ameshuka na madumu yake atembee. Aliweka madumu chini, akainua baiskeli, akamfunga Wahu kiwiko kwa ncha ya shuka.

"Mbona unapita huku na wazimu? Si kuna mbao?"

"Kuna mtu sitaki kuona."

"Huyo wa bendera? Sironka? Lakini ni kijana mzuri sana. Kila asubuhi ananishika mkono, ananivusha, ananibebea maziwa."

Moyo wa Wahu ulichomeka upya. "Wewe anakushika mkono. Lakini mama yangu aligeuziwa mgongo, akaanguka."

Namunyak akamgeukia. "Alimgeuzia mgongo? Mama yako peke yake?"

"Peke yake."

"Na kula? Anakula kwenu?"

"Alikuwa anakula. Akaacha. Nikimpelekea kwa mabati anakula, lakini mbele ya mama, hapana."

Namunyak alianza kucheka. Alicheka mpaka shanga za shingoni zikalia, mpaka akalazimika kukaa juu ya dumu.

"Mama Namunyak, si ya kucheka!"

"Ngoja, ngoja." Alipangusa macho. "Wewe umezaliwa Kitengela na hujui? Sikia nikuambie. Kwetu Wamaasai mwanaume hakimbii mwanamke. Isipokuwa mmoja tu. Mama wa bibi yake, mama mkwe. Huyo hamshiki mkono. Hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani, anatoka njiani, anageuka, mama apite. Hiyo tunaita enkanyit, ni heshima kubwa kuliko zote. Vijana wengi siku hizi wameacha. Huyu wako hajaacha."

Wahu alimkodolea macho.

"Lakini hatujaoana. Hajaniuliza hata!"

"Kwa mdomo hajakuuliza," Namunyak alisema. "Kwa roho yake amemaliza zamani. Alianza lini kuacha kula?"

Wahu aliikumbuka Jumapili ya Bisil, mbuzi, vumbi, macho yenye maji. Akafunika uso kwa mikono yote miwili.

Alimpigia palepale, kando ya barabara, malori yakipita.

"Siro."

"Wahu."

"Kwani ulikuwa unataka kunioa na hujaniambia?"

"Nilikuwa nataka kuanza kwa baba yangu. Halafu wazee. Halafu nyinyi. Iko na mpangilio."

"Na mama yangu uliamua kumfanya mkwe bila yeye kujua?"

"Nilidhani anajua. Ako Kitengela miaka yote hii, Wamaasai wanakula kwake kila siku. Nilidhani hata atafurahi. Hizo mbao ndio zilinimaliza. Barabara ikiwa wazi ningevuka upande wa pili, apite, hakuna mtu angejua. Pale hakuna upande wa pili."

"Sawa. Hiyo nimeelewa. Lakini alipoanguka?"

Wahu akaziba sikio lingine lori likipita.

"Hapo usiniulize mila," alisema Sironka. "Nilimsikia akianguka, na miguu ikakataa. Nililia ndani ya hayo maji. Hakuna mzee wa kwetu angeniambia nimwache kwa tope. Nilipaswa kumshika kwanza, halafu niaibike baadaye. Nisamehe, Wahu. Na kama hutanisamehe, tafadhali usipite huko nyuma tena. Musila ameniambia. Malori yatakuua. Pita kwa mbao, mimi nitaangalia kando."

Ijumaa Wahu alipita kwenye mbao. Alifika akashuka kabla ya kuambiwa, kisha akasimama ameduwaa.

Mbao zilikuwa zimepanuliwa. Kando ya njia ya miguu kulikuwa na nyingine nyembamba iliyoinama taratibu, ya kupitisha magurudumu bila kuinua kreti. Na pande zote mbili, kutoka mwanzo hadi mwisho, kulikuwa na kishikio cha mbao kwa urefu wa kiuno cha mwanamke mnene. Alipitisha kiganja. Kilikuwa laini. Mtu alikuwa amekipiga msasa pote ili kisichome mkono.

"Ni yeye," alisema Musila, akinung'unika kama kawaida yake. "Mbao zimebaki kazini, akaziomba. Saa ya chakula sisi tunakula, yeye anapiga misumari. Msimamizi akamuuliza, barabara inafunguliwa Jumamosi, hii unajenga ya nini? Unajua alijibu nini? Ati kuna mtu mmoja hajavuka."

Sironka alikuwa mwisho wa pili, ameangalia kando kama alivyoahidi. Wahu alimfikia, akasimama karibu naye.

"Ni ya mama?" aliuliza.

"Mkono wangu hauwezi kumshika," Sironka alisema, bado anaangalia mabati. "Nikaweka wa mbao."

Wahu alimwambia mama yake kila kitu jioni hiyo, huku mama akisukuma chapati. Alimwambia habari za enkanyit, za Bisil, za kishikio na msasa. Mama hakuinua macho. Alisukuma, akageuza, akapaka mafuta.

"Wewe unamtaka?"

"Namtaka, Maitu. Lakini sitaki kwenda bila wewe."

"Na atanikimbia maisha yangu yote?"

"Si kukimbia."

"Nimesikia," mama alisema, akatupa chapati kwenye kikaango. Wahu alilala bila kujua kama amefunguliwa mlango au amefungiwa.

Jumamosi mchana kalvati mpya ilikuwa inang'aa. Upande mmoja magari yalikuwa yamepanga foleni yakingoja mabati yaondolewe, madereva wakiwa wamewasha injini kwa hamu. Watu wa mwisho walikuwa wanavuka kwenye mbao kabla hazijang'olewa. Ndipo kwenye mwisho wa Noonkopir akatokea Mama Wahu.

Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, la rangi ya zambarau lenye kola nyeupe, na sweta juu, na leso mpya mabegani. Namunyak alikuwa nyuma yake. Mbele alikuwa Wahu, akisukuma baiskeli yenye hotpoti moja tu kwenye kreti, na uso wake haukuwa na damu. Alikuwa ameuliza mara nyingi njiani, "Unaenda kumwambia nini?" na hakuwa amejibiwa.

Sironka aliwaona. Kila mfupa mwilini mwake ulitaka kuruka mtaroni. Aliangusha bendera, akavua helmeti, akasimama palepale mwisho wa mbao. Kisha, mbele ya Musila na madereva na foleni nzima iliyokumbuka kicheko cha siku ile, alinyoosha mkono wake wa kulia mbele. Macho yake yalikuwa chini. Alikuwa ameamua: kama bei ya Wahu ni kuivunja heshima aliyolelewa nayo, ataivunja, hapa, mchana.

Mama Wahu alianza kuvuka. Alishika kishikio. Katikati ya njia alisimama, akakipapasa kwa kiganja mbele na nyuma, akaangalia ule ulaini, akaendelea. Goti lilimuuma na kila mtu aliliona, lakini hakuyumba. Akafika mwisho. Akasimama mbele ya mkono ulionyooshwa.

Aliuangalia kwa muda mrefu.

Hakuushika. Aliivuta leso kutoka mabegani, akajifunika kichwa na uso, akageuka, akampa Sironka mgongo.

"Amemkataa!" dereva mmoja alisema kwa sauti. Mtu mwingine akasonya. Sironka aliangalia mkono wake uliobaki hewani. Wahu alihisi baiskeli ikimponyoka.

"Wahu," mama aliita kutoka ndani ya leso, akiwa ameielekea njia ya kurudi kwake.

"Naam, Maitu."

"Mwambie huyo kijana mkono wake nimeushika huko kwa mbao. Mwingine sitaki."

Namunyak aliziba mdomo.

"Na umwambie nimemletea githeri. Akule nikishaenda."

Sironka akaelewa. Aliurudisha mkono wake taratibu, naye akageuka, mgongo wake ukaelekea mgongo wa mama, na wote wawili wakasimama hivyo, mama mkwe na mkwe, kila mmoja akitazama upande wake kwa heshima kubwa. Katikati yao alikuwa Wahu na baiskeli yake, akilia na kucheka bila aibu.

"Wahu," Sironka alisema akiyaambia mabati. "Muulize mama kama wazee wangu wanaweza kuja."

"Si amesikia, ako hapa!"

"Muulize tu."

"Maitu, anauliza kama wazee wake wanaweza kuja."

"Waje. Waje na barabara kubwa, si inafunguliwa. Lakini akuulize wewe kama unakubali. Mimi siolewi."

"Nakubali!" Wahu alisema kabla hajaulizwa, na hata yule dereva akapiga honi.

Mama Wahu aliondoka. Alirudi juu ya mbao polepole, leso bado kichwani. Sironka hakusogea. Madereva walianza kupiga kelele kwamba mabati yaondolewe, Musila akawaonyesha bendera nyekundu na kuwaambia wangoje.

"Ameenda?" Sironka aliuliza, akiwa bado ametazama upande wa mjini.

"Bado. Ako katikati."

"Ameshika mbao?"

"Ameshika. Mikono yote miwili."

Akangoja tena.

"Sasa?"

"Sasa amefika."

Ndipo Sironka akageuka.